Fimbo ya salmoni: anza na mshipi

Swali: "Shikamoo ami. Mimi ni kijana wa Kisauni, navua tangu utotoni. Nilianza na mshipi wa mkono kule Tudor, siku hizi natupa kwa fimbo pale Mama Ngina na upande wa Likoni. Dada yangu ameolewa Aberdeen, Scotland, na shemeji amenialika Septemba twende tukavue salmoni kwenye mto Dee. Siku 3 amekwisha lipia. Ninayo fimbo ya futi 12 ya kutupia chubwi, na rili nzuri yenye uzi wa kusuka. Niende nayo? Kama hapana, ninunue fimbo gani na mshipi gani, hapa Mombasa au huko huko? Na nikirudi itanifaa, au itakuwa pambo la ukutani?"

Marahaba, mwanangu. Fimbo yako iache Kisauni, mdogo wako aitunze. Si mbovu, ila ni ya kazi nyingine. Na maswali yako yageuze: uliza mshipi kwanza, fimbo baadaye. Mimi nilianza na fimbo, nikapoteza pesa na nusu ya bega.

Ukiwa pale Mama Ngina unatupa nini? Unatupa chubwi. Risasi ya gramu 120 au 150 inaruka, uzi unaifuata kama mkia, na chambo kinakwenda kwa sababu kimefungwa hapo. Uzi wenyewe hauna uzito wa maana, na kadiri unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyofika mbali. Kwenye Dee hakuna chubwi. Mto ule unavuliwa kwa ndoana ya manyoya tu: ndoana iliyofungwa nyuzi, unyoya na nywele za mnyama, nyepesi hata ukiiweka kiganjani huisikii. Kitu kama hicho hakitupiki. Chukua unyoya wa kuku uurushe uone utaangukia wapi. Kinachotupwa kule ni mshipi wenyewe. Ni mnene, umevikwa plastiki laini, na uzito wake umetandazwa kwenye urefu wa mita kumi na kitu. Huo ndio chubwi yako iliyonyooshwa. Ndoana inafuata tu, kama mtoto aliyeshika buibui la mamake.

Kwa hiyo fimbo inapinda kwa uzito wa mshipi, na ikipinda ndiyo inarusha. Hiyo yako imetengenezwa kubeba gramu 150. Ukiipa mshipi wa gramu 35 itasimama kama mlingoti, na wewe ndiye utakayepinda.

Mimi nilifika Aberdeen nikiwa baharia wa meli zinazopeleka vifaa kwenye visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini. Wiki kadhaa baharini, wiki kadhaa nchi kavu, na ile nchi kavu ukikosa shughuli utaota kutu. Nikanunua fimbo ya mitumba ya futi 15, kwa akili zetu kwamba kubwa ndiyo bora. Juu ya kishikio imeandikwa 10. Nikaingia duka jingine nikaomba mshipi namba 10. Nikapewa, nikalipa, nikaondoka kifua mbele. Kumi kwa kumi, nani angedhani kuna kosa?

Siku nzima nilisimama majini nikiupiga upepo. Mshipi unaniangukia miguuni kama tambi zilizomwagika. Nikiongeza nguvu, unazidi kuanguka karibu. Alasiri akaja mzee mmoja aliyekuwa akinitazama kutoka ukingoni, labda tangu asubuhi. Hakusalimu. Akaushika mshipi wangu kwa vidole viwili, akaupima hivi, juu chini, kama mwanamke apimaye kitambaa cha kanzu, akatikisa kichwa. Akafungua rili yangu, akaifunga yake. Fimbo ni ile ile na mtu ni yule yule. Mara ya tatu mshipi ukatoka mkononi mwangu ukanyooka hadi katikati ya mto, na mimi mwenyewe nikaogopa.

Kosa langu lilikuwa hili. Namba za fimbo ya mkono mmoja na za fimbo ya mikono miwili hazilingani, ingawa zinaandikwa vilevile. Kwa mkono mmoja, mshipi namba 8 ni ule ambao futi zake 30 za mwanzo zina uzito wa greni 210, sawa na gramu 13 na nusu hivi. Fimbo ya mikono miwili iliyoandikwa 8 inataka mshipi wa greni 500 na ushei, gramu 33 au 34. Hiyo ni zaidi ya mara mbili. Mimi niliipa fimbo kubwa mshipi wa fimbo ndogo, sawa na kulifunga jahazi tanga la ngalawa. Kwa hiyo ukiingia dukani usiseme "namba 8" ukanyamaza. Sema ni fimbo ya mikono miwili, kisha taja uzito wa mshipi kwa gramu au greni. Muuzaji akishangaa kuulizwa uzito, mshukuru kwa upole utoke.

Sasa, mshipi gani? Hapa lazima tumzungumze samaki, maana yeye si kama hawa wetu.

Salmoni huzaliwa mtoni, hushuka baharini akala akanenepa, kisha hurudi mto ule ule aliozaliwa kwenda kutaga. Akishaingia maji matamu, hali tena. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo. Kwa hiyo humvui kwa njaa, kama unavyomvua changu au tasi. Unamchokoza. Ndoana inampitia mbele ya uso, naye anaikamata kwa hasira, au kwa udadisi, au kwa kukumbuka alivyokuwa akila baharini. Wenyewe wanabishana mpaka leo na mimi siingii. La kwako ni kwamba hakuna chambo kitakachomvuta kwa harufu kutoka mita 20. Ndoana lazima imfikie alipo, katika kina chake, kwa mwendo unaomkera bila kumtisha. Kina na mwendo vyote viwili vinatoka kwenye mshipi. Ndiyo maana wenyeji wakikutana asubuhi wanaulizana maji yako vipi na mshipi gani, na wala hawaulizani fimbo.

Maji yakiwa ya baridi sana samaki anakuwa mzito, hapandi, na inabidi umfuate chini. Yakipata joto kidogo yuko tayari kuinuka, pengine hadi juu kabisa. Wazee wa kule wana mpaka wao, nyuzijoto 10: chini ya hapo mshipi unaozama, juu ya hapo unaoelea. Usiufanye mpaka huo kuwa amri, lakini anza nao. Kipimajoto kidogo cha kutumbukiza mtoni ni bei ya sahani mbili za biriani na kitakusaidia kuliko ndoana 20.

Na kwa bahati nzuri unakwenda penyewe. Ni kwenye Dee hiyo hiyo, mahali paitwapo Cairnton, ambapo mwanzoni mwa karne ya 20 Arthur Wood alikuwa akiupaka mshipi wake wa hariri mafuta mazito ili uelee, akivua kwa ndoana ndogo karibu na uso wa maji, katika enzi ambayo kawaida ilikuwa kuzamisha. Leo huhitaji mafuta, mishipi inatoka kiwandani ikielea. Lakini kuna jambo lake moja ulichukue, maana mvuvi wa Likoni atalielewa haraka kuliko mtu wa bara. Unajua mkondo unavyoukamata uzi katikati, unapiga tumbo, na chambo kinakokotwa mbio? Mtoni ni hivyo hivyo. Unatupa kuvuka mto kwa mshazari kuelekea chini, na katikati maji ni makali kuliko ukingoni. Mshipi ukishatua, kabla haujapiga tumbo, unauinua kwa ncha ya fimbo na kuulaza upande wa juu wa mto. Ndoana inatulia, inapita polepole kama kitu chenye nia yake. Mshipi uliozama huwezi kuufanyia hivyo, umeshikwa na maji. Unaoelea unakutii.

Septemba, maji ya Dee kwa kawaida huwa juu kidogo ya ule mpaka wa nyuzi 10. Kwa hiyo jibu langu ni mshipi mmoja unaoelea. Chukua wenye kichwa, yaani sehemu nene yenye uzito, cha urefu wa mita 12 hivi, gramu 33 hadi 36, na nyuma yake sehemu nyembamba inayoteleza kwenye pete, vyote vikiwa kitu kimoja kisicho na kiungo. Watu watakuonyesha vichwa vya kuunganisha kwa vitanzi, vya kuzama na kuelea, mkoba mzima kama wa daktari. Vina faida yake, lakini mgeni wa siku 3 atashinda ukingoni akibadilisha badala ya kuvua. Kuna na ile mishipi mifupi minene iliyotokea upande wa Marekani, ya kubebea ndoana nzito kwenye maji ya baridi. Septemba hiyo huihitaji.

Kina utakipata kwa kipande cha mbele. Nunua vipande vitatu vya futi 10, kimoja kinachoelea, kimoja kinachozama polepole, kimoja kinachozama haraka, vya kufunga kwenye ncha ya mshipi. Kasi ya kuzama huhesabiwa kwa inchi kwa sekunde. Kilichoandikwa 3 kinashuka inchi 3, sentimita 7 na nusu hivi, kila sekunde katika maji yaliyotulia, na mtoni pungufu ya hapo kwa sababu mkondo unakibeba. Mvua ikinyesha milimani na mto ukapanda rangi ya chai ya mkandaa, funga cha haraka. Mto ukishuka na kung'aa, rudi kwenye kinachoelea.

Mbele ya kipande hicho inafuata nailoni ya kawaida, ya ratili 12 hadi 15, yaani uzito inaouhimili kabla ya kukatika. Kwa kinachoelea iwe mita 2 au 3 hivi. Kwa kinachozama ifupishe mpaka mita 1 na nusu, la sivyo kipande kinakwenda chini na ndoana inabaki juu ikipunga mkono. Usijivunie nailoni nyembamba. Ukiwa na nyembamba utampigania samaki muda mrefu, atachoka mpaka afe baada ya wewe kumwachia, na kule utamwachia, nitakueleza.

Fimbo sasa. Ukishajua mshipi ni wa gramu 33 hadi 36, fimbo imejichagua: ya mikono miwili, futi 13, iliyoandikwa 8 au 8/9. Dee inatoka milima ya Cairngorm, inapita Balmoral kwenye kasri la mfalme, inakwenda kilomita 140 hivi mpaka bandari ya Aberdeen. Si mto mpana sana. Sehemu za juu watu huvua kwa fimbo ya futi 11 au hata ya mkono mmoja maji yakipungua. Futi 14 si kosa huku chini karibu na bahari. Ile 15 yangu ni ya mito kama Tay, au Tweed inapokaribia baharini, na hata huko ni kwa mtu anayejua anachokifanya, maana urefu ukiongezeka kosa lako nalo linarefuka.

Na hili la kubwa ndiyo bora lina mwisho wake. Salmoni mkubwa kuliko wote waliovuliwa kwa fimbo Uingereza, ratili 64, kilo 29, alivuliwa na mwanamke, Georgina Ballantine, kwenye mto Tay tarehe 7 Oktoba 1922, akiwa mashuani na babake. Walipambana naye zaidi ya saa 2. Rekodi hiyo haijavunjwa. Wewe tegemea samaki wa kilo 2 mpaka 6, na ukimpata hata mmoja kwa siku 3 jihesabu umebarikiwa. Wapo wanaorudi mikono mitupu mwaka hadi mwaka na bado wanalipa.

Kwa nini mikono miwili? Kwa sababu ya miti. Pale Mama Ngina nyuma yako kuna uwazi, unavuta fimbo nyuma unavyotaka. Ukingo wa mto kule una miti, kingo za juu, uzio wa ng'ombe. Ukiutupa mshipi nyuma utamvua ng'ombe. Ndipo watu wa mto Spey, jirani yake Dee, wakawa na mtupo unaoitwa kwa jina la mto wao. Mshipi hauendi nyuma. Unauinua, unauzungusha, ncha yake inagusa maji ubavuni pako na kushikwa hapo kidogo, huku sehemu nyingine ikifura nyuma ya bega lako kama tanga dogo. Hilo tanga likishajaa, unasukuma. Mkono wa juu ni mhimili tu. Wa chini ndio unaofanya kazi, unalivuta tako la fimbo kuelekea tumboni. Wavuvi wetu wote hukosea hapo, mimi wa kwanza. Tumezoea kusukuma kwa mkono wa juu kwa nguvu za chubwi. Ukiona mshipi unaanguka mbele yako kwa kishindo, ni mkono wa juu umejitia ubabe.

Upepo nao una sharti lake. Mshipi ugusie maji upande ule upepo unakoelekea, sio unakotoka. Ukikosea, upepo unakuletea ndoana usoni. Miwani vaa siku zote, hata jua likiwa limejificha, na kofia pia. Nilimwona mtu na ndoana sikioni akisubiri kutolewa na bado anauliza kama samaki wanapanda.

Ugumu wa fimbo: chagua inayopinda mpaka katikati, si ile inayopinda ncha tu. Ile kali inatupa mbali mikononi mwa bingwa, lakini haikwambii kitu. Ya wastani inakupa nafasi ya kusikia uzito ukiingia. Na dukani usiipunge hewani kama unamfukuza kunguru. Fimbo bila mshipi haisemi neno. Omba kuijaribu majini ukiwa na mshipi wake, maduka ya karibu na mito ya salmoni mengi yanakubali.

Chukua ya vipande 4. Kila kipande ni kama mita 1, ni rahisi kusafiri nayo. Na hapa nakupa siri ya bure. Mtupo huo wa kuzungusha unavisokota vipande, na kidogo kidogo viungo vinalegea bila wewe kujua. Siku moja unatupa na nusu ya fimbo inaondoka na mshipi, au mbaya zaidi kiungo kinapasuka. Zungushia kila kiungo tepu ya fundi umeme asubuhi kabla ya kuingia majini. Nyeusi, ile ya kawaida, utaipata duka lolote Mwembe Tayari.

Rili sina mengi. Iwe kubwa ya kutosha kubeba mshipi huo mnene na nyuma yake mita 150 za uzi wa akiba wa ratili 30, na breki yake itoe uzi bila kushtuka. Hiyo yako yenye uzi wa kusuka haifai kwa sababu mshipi mnene hautaingia. Pesa zako zisiishie kwenye rili. Nimewaona wengi wana rili inayong'aa kama saa ya bwana harusi na mshipi umepasuka pasuka.

Ununue wapi? Fimbo usinunue kabisa kwanza. Mwambie shemeji aulize. Sehemu nyingi za mto zina mtu wake anayezisimamia, wanamwita gili, na mara nyingi ana fimbo za kuazima au anajua wapi zinakodishwa. Huyo gili mchukulie kama nahodha. Akisema simama hapa, simama hapa, usimwambie kwenu mnafanyaje. Ukikodi, muulize mshipi uliomo una gramu ngapi, naye ataona kwamba hukuja bure. Siku ya kwanza lipia saa moja ya mwalimu wa kutupa. Hiyo ndiyo pesa bora ya safari nzima.

Ukipenda kununua mshipi wako mwenyewe, nunua huko huko. Usikubali wa kuazima kutoka kwa jamaa wanaovulisha watalii kwa manyoya huku pwani. Mishipi ina hali ya hewa yake. Ile ya nchi za joto imetengenezwa ngumu ili isiyeyuke na jua letu. Ukiitia kwenye maji ya nyuzi 11 inajikunja kama waya wa simu ya zamani, haitelezi tena. Wala usiombe kwa wale wa Nyeri wanaovua trauti kwenye mito ya Aberdare. Ni wenzetu na ni mabingwa, lakini fimbo zao ni nyepesi za mkono mmoja, na tumekwisha sema kuhusu namba.

Kufanya mazoezi hapa unaweza, ukipata fimbo ya kuazima. Majani ya uwanjani hayafai kwa mtupo huu kwa sababu hayaushiki mshipi, unahitaji maji. Nenda Tudor au Mtwapa maji yakiwa yamejaa na kutulia, simama mpaka magotini, funga kipande cha sufi badala ya ndoana. Watoto watakucheka. Mimi walinicheka.

Kuna tabia moja lazima uiache Mombasa pamoja na fimbo yako. Hapa samaki akigusa, unapiga. Chewa ukimchelewesha kaingia mwambani, kwaheri. Salmoni anaichukua ndoana, anageuka nayo kurudi alikotoka, na ni kule kugeuka kunakoifunga ndoana pembeni mwa mdomo. Ukipiga pale pale alipogusa unaitoa mdomoni mwake ukiwa umemwonyesha heshima zako zote. Samaki wangu wa kwanza niliyemgusa nilimpokonya hivyo, kwa mkono huu wa Likoni, na gili aliondoka kwenda kunywa chai asinitukane. Wenyeji wana desturi ya kutamka kwanza dua ya kumwombea mfalme wao kabla ya kuinua fimbo. Mimi nilijifundisha Bismillahi nzima mpaka Rahim, taratibu, huku mshipi ukiondoka vidoleni. Ukifika mwisho inua fimbo kwa upole, yuko.

Sheria kwa ufupi. Jumapili hakuna kuvua salmoni Scotland nzima, ni sheria, kwa hiyo hakikisha siku zenu 3 hazikuangukia hapo. Haki ya kuvua ina mwenyewe na ruhusa lazima, ila shemeji amekwisha lipa. Msimu wa Dee unafungwa 15 Oktoba, Septemba uko salama. Na kwenye Dee samaki wote wanarudishwa majini. Jino la ndoana libinywe kwa koleo, samaki asitolewe majini isipokuwa kwa picha ya haraka, umshike ukimwelekeza dhidi ya mkondo mpaka ajiondokee mwenyewe. Kwa hiyo usimwahidi mama kitoweo. Najua nyumbani watakuuliza umekwenda kote huko kumshika samaki ukamwachia, na jibu lenye kuwaridhisha sijalipata bado.

Maji yale ni ya baridi ambayo hujawahi kuyaingia. Suruali za mpira za kufika kifuani utaazima, pamoja na fimbo ya kutembelea na jaketi la kuelea. Mawe ya chini yanateleza kuliko mwani wa Nyali. Usivuke magoti mpaka gili akwambie. Kuogelea kwako kwa Kisauni hakutakusaidia sana ukiwa na suruali iliyojaa maji.

La mwisho uliuliza kama itakufaa ukirudi. Fimbo yenyewe, ndiyo. Ya futi 13 namba 8/9 ni nzuri kwenye mlango wa Mtwapa asubuhi, maji yakianza kupwa na kolekole wadogo wakifukuza dagaa kando ya mikoko, na pale hutahitaji kuitupa mbali. Chagua rili isiyoshika kutu kama una nia hiyo, na kila jioni ioshe kwa maji matamu pamoja na pete za fimbo. Mshipi wa Scotland ndio hautakufaa. Kwenye jua letu unalainika, unanata kwenye pete kama halua iliyoachwa barazani. Uache kwa shemeji ndani ya rili nyingine ukusubiri, huku tafuta wa nchi za joto, gramu zile zile. Ukishaupata niletee hapa dukani Mji wa Kale tuupime kwenye mizani kabla hujaufunga, maana kinachoandikwa kwenye boksi na kinachosemwa na mizani si mara zote ni ndugu.